Maswali ya Wasomaji: Kuomba Fedha za Filamu Fupi

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zimetoka kwa vijana wa Nairobi na viunga vyake ambao wameandika hadithi za filamu fupi na hawana fedha za kuzitengeneza. Tumechagua nne, tukazifupisha, na majina ya walioandika tumeyahifadhi.

SWALI

Mhariri, pokea salamu zangu. Nimeandika mswada wa filamu fupi wenye kurasa 28 kuhusu kondakta wa matatu anayemkuta mtoto wa miaka sita amesahaulika kitini baada ya safari ya mwisho, akaanza kumtafuta mama yake usiku huo huo, kuanzia Umoja hadi katikati ya jiji. Nimeomba ufadhili wa shilingi milioni 2.4 zaidi ya mara moja, na kila mara ninaambiwa kwamba hadithi ni nzuri lakini ombi halikufaulu. Ikiwa hadithi ni nzuri, wanataka nini zaidi? Na ni mlango gani mwingine ninaoweza kuubisha? Nimeambatisha mswada, bajeti na ratiba.
*Msomaji, Umoja*

JIBU

Ndugu msomaji, umefanya vyema kutuma karatasi zote tatu, kwa sababu kila moja ikisomwa peke yake haionyeshi kasoro kubwa, ila zikiwekwa mezani pamoja inaonekana kwamba mswada unasimulia filamu moja, bajeti inasimulia nyingine, na ratiba inasimulia ya tatu. Wanaosoma maombi huanza na hadithi, na hapo ulifaulu kama walivyokuambia. Baada ya hapo hujiuliza kama mtu huyu, kwa fedha hizi na kwa siku hizi alizozitaja, anaweza kuikamilisha filamu hii hasa aliyoiandika. Wakiona mashaka hapo, uzuri wa hadithi hauwasaidii, kwa kuwa nao watatakiwa kueleza fedha zilikwenda wapi ikiwa filamu haikuonekana.

Tuanze na ratiba. Kwa desturi, ukurasa mmoja wa mswada uliopangwa kitaalamu huhesabiwa kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo kurasa 28 ni karibu nusu saa. Wewe umejipa mikesha minne, maana yake ni kurasa saba kila mkesha. Hapa Nairobi tuko karibu na ikweta, na mwaka mzima giza hukaa kwa saa kumi na moja hivi. Ukitoa muda wa kufunga taa, wa kula, wa kuhamisha vifaa kutoka Umoja hadi mjini, na wa kumngoja mlevi anayeimba amalize aende zake, zinabaki saa sita au saba za kupiga picha. Kikosi chenye uzoefu kinaweza kupiga kurasa nne au tano kwa siku ndani ya chumba kimoja chenye taa zilizokwisha kufungwa, na bado kikajiona kimefanya kazi. Kurasa saba, usiku, ndani ya gari linalotembea, ni ahadi ambayo msomaji mzoefu wa maombi hataiamini.

Halafu kuna mtoto. Yumo katika karibu kila onyesho, na ratiba inamtaka awe macho hadi alfajiri, lakini hakuna mahali ulipoeleza nani atamwangalia, atalala wapi, shule itakuwaje, wala kama mzazi wake amekubali kwa maandishi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inayatanguliza maslahi ya mtoto katika kila uamuzi unaomhusu, na mfadhili makini atasimama hapo kabla hajaifikia bajeti. Suluhisho lipo, na halihitaji kuibadilisha hadithi: mlaze mtoto kitini chini ya shuka kwa sehemu kubwa ya safari, zipige picha zote zinazoonyesha uso wake kati ya saa moja na saa tatu usiku, na zile ambazo anaonekana kwa nyuma au kwa mbali mtumie mtu mzima mwenye umbo dogo. Liandike hilo ndani ya ombi lako. Aya moja ya namna hiyo inamwonyesha msomaji kwamba umekwisha kuitengeneza filamu kichwani mwako, na mimi ningeithamini kuliko kurasa mbili ulizoandika kuhusu changamoto za vijana wa mijini.

Nizitaje hizo kurasa mbili, kwa kuwa ni ugonjwa ulioenea. Sehemu inayoitwa maelezo ya mwongozaji haikuwekwa ili uthibitishe kwamba umaskini upo Nairobi au kwamba filamu itaelimisha jamii (sijawahi kusoma ombi lililoahidi kuipotosha). Imewekwa ili ueleze utaisimulia vipi hadithi hii: kamera itakaa ndani ya matatu au nje, jiji litasikika kiasi gani kabla ya kuonekana, kwa nini kondakta hazungumzi mpaka ukurasa wa tano. Mswada wako una uamuzi mzuri wa namna hiyo, lakini maelezo hayautaji hata mmoja.

Katika bajeti nimeona "usafiri 150,000", "vifaa 600,000" na "mengineyo 250,000". Tarakimu kubwa zisizo na maelezo humfanya msomaji adhani umezikisia. Andika idadi, siku na bei ya kimoja: magari mawili, siku sita, shilingi 7,000 kwa siku, jumla 84,000. Ulipoandika kamera, kumbuka kwamba bei uliyotajiwa kwa simu mara nyingi haina kodi. Ikiwa ni 15,000 kwa siku, kwa siku sita ni 90,000, lakini kampuni iliyosajiliwa kutoza kodi ya ongezeko la thamani itaongeza asilimia 16, na ankara itakuja na 104,400. Fungu la "mengineyo" lifute, uweke badala yake fungu la dharura la asilimia 10 ya gharama zote, jambo ambalo wafadhili wengi hulielewa na kulikubali. Matatu nayo umeiwekea shilingi 10,000 kwa mkesha. Mwenye gari atataka angalau hesabu yake ya siku, kwa kuwa dereva aliyekesha nanyi hawezi kuamkia barabarani, na ikiwa gari ni la kuchorwa na kupambwa la njia za Umoja, hesabu yenyewe si ndogo. Zungumza na mwenye gari sasa, akupe bei kwa barua, uiambatishe.

Leseni hukuziweka kabisa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu ya kuonyeshwa hadharani itengenezwe kwa leseni, na kabla ya kuonyeshwa ikaguliwe na kuainishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Kupiga picha barabarani mjini kunahitaji ruhusa ya kaunti, na polisi wa eneo hilo wawe na habari. Ukitaka ile picha ya Barabara ya Thika kutoka angani, ndege isiyo na rubani iko chini ya kanuni za mwaka 2020 za Mamlaka ya Safari za Ndege. Ningeiondoa picha hiyo. Hadithi yako imo ndani ya gari.

Ushauri wangu ni kwamba uikate hadithi kabla ya kuomba, usingoje kukatiwa. Katika kurasa 28, nimeona 14 ambazo ndizo filamu yenyewe: kugunduliwa kwa mtoto, kituo cha mafuta, simu ya mama isiyopokewa, na kurudi Umoja. Safari ya mjini na ugomvi wa askari wa kaunti vinaweza kutoka. Gari likiegeshwa kituo cha mafuta kwa sehemu kubwa ya hadithi, unaokoa mafuta, ulinzi na, zaidi ya yote, sauti, kwa maana mazungumzo yaliyorekodiwa ndani ya matatu inayotembea ni vigumu kuyatumia. Filamu ya dakika 14 pia hupata nafasi kwa urahisi zaidi katika matamasha, yanayolazimika kupanga filamu fupi kadhaa ndani ya onyesho moja la saa moja na nusu. Tuzo za Oscar huhesabu filamu kuwa fupi hadi dakika 40, lakini huo ni ukomo wa kanuni, na mpangaji wa tamasha hufikiri kwa kipimo kingine.

Kuhusu milango ya kubisha, wa kwanza ni Tume ya Filamu Kenya, iliyoundwa mwaka 2005, ambayo hutangaza miito ya ruzuku kadiri bajeti ya serikali inavyoruhusu. Kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, anza kufuatilia matangazo yake katika miezi inayofuata. Docubox, hazina ya filamu iliyoanzishwa na mwongozaji Judy Kibinge, inajulikana zaidi kwa filamu za hali halisi, ila imewahi kuendesha pia mpango wa filamu fupi za kubuni za Afrika Mashariki. Goethe-Institut na Alliance Française, vituo vya utamaduni vya Ujerumani na Ufaransa hapa mjini, si hazina za filamu, lakini huunga mkono kazi za sanaa, na ukumbi wa mazoezi au wa kuonyeshea filamu ni gharama iliyokuondokea. Usipoteze wiki nzima ukijaza fomu za Hubert Bals Fund ya Rotterdam au World Cinema Fund ya Berlin, kwa kuwa zote zinashughulikia filamu ndefu. Heva Fund ya Nairobi inahudumia wafanyabiashara wa sanaa, lakini sehemu kubwa ya fedha zake ni mikopo, na mimi simshauri mtu akopee filamu fupi, kitu ambacho ni nadra kuuzwa kwa bei ya kulipia deni.

Wala usiombe kiasi chote mahali pamoja. Filamu ya Wanuri Kahiu, *Pumzi*, ya mwaka 2009, yenye urefu wa dakika 20 hivi, ilipata fedha kutoka mpango wa Africa First wa kampuni ya Marekani Focus Features, kutoka Goethe-Institut, na kutoka mfuko wa Changamoto wa hapa Kenya. Ukiwa na barua ya karakana ya sauti inayokupa punguzo, barua ya mwenye matatu, na fungu dogo lililochangwa na jamaa na marafiki kwa M-Pesa, mfadhili anayefuata anakuta kazi iliyokwisha kuanza kuaminiwa na wengine. Viandike vyote katika bajeti upande wa mapato, pamoja na thamani ya kila punguzo kwa shilingi.

SWALI

Mhariri, mswada wangu una wahusika wanaozungumza Kiswahili na Sheng, lakini fomu nyingi za ufadhili ni za Kiingereza. Je, niuandike upya wote kwa Kiingereza, hata mazungumzo?
*Mwanafunzi, Kahawa Wendani*

JIBU

La, usifanye hivyo. Waache wahusika waseme wanavyosema, kwa kuwa ukiwaandika upya kwa Kiingereza, msomaji wa ombi ataisoma filamu ambayo huna nia ya kuitengeneza, na waigizaji wako watakuja siku ya kazi na maneno mengine kabisa. Fomu, muhtasari na maelezo ya mwongozaji viandike kwa lugha ambayo mfadhili ameitaja, bila ubishi. Katika mswada, maelezo ya matendo yanaweza kuwa katika lugha hiyo pia, na kila sentensi ya mazungumzo ifuatwe chini yake na tafsiri yake kwa herufi za mlazo. Mswada utakuwa mrefu zaidi kwa kurasa, kwa hiyo taja mwanzoni kwamba urefu halisi wa filamu ni dakika kadhaa, ili asije mtu akauhesabia kurasa.

Tafsiri hiyo mpe mtu aifanye kwa makini, hasa penye mzaha. Nimesoma maombi ambayo mwandishi alikuwa mcheshi kwa Sheng, na tafsiri ikamfanya aonekane mkali au mzito wa akili, na jopo likamhukumu kwa tafsiri. Lugha yenyewe haiwezi kukuzuia kufika mbali: *Watu Wote*, filamu fupi ya mwaka 2017 ya mwongozaji Mjerumani Katja Benrath, ilipigwa Kenya na wahusika wake wanazungumza Kiswahili na Kisomali, na ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu fupi mwaka 2018. Kumbuka tu kuweka katika bajeti gharama ya maandishi ya tafsiri yatakayopita chini ya picha, kwa sababu tamasha la nje halitaipokea filamu bila hayo, na ni fungu ambalo waombaji wengi hulikumbuka fedha zikiwa zimekwisha.

SWALI

Mimi na rafiki yangu tumetengeneza wazo la filamu pamoja, lakini mswada nimeuandika mimi, naye ndiye atakayeongoza. Fomu inauliza "mwenye haki" ni nani. Tumeanza kununiana. Tuandike nini?
*Msomaji, Kariobangi Kusini*

JIBU

Andikeni makubaliano kabla ya kuandika fomu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hailindi wazo likiwa wazo. Inalinda namna lilivyoandikwa, na ulinzi huo unaanza pale maandishi yanapokuwapo, hata kabla ya kusajili. Kwa msingi huo mswada ni wako, hata kama wazo mlilipika wawili, isipokuwa kama yeye pia aliandika sehemu yake. Kuusajili kwa Bodi ya Hakimiliki Kenya hakukupi haki mpya, ila kunakupa cheti chenye tarehe, ambacho ni ushahidi mzuri mkikosana.

Lakini mfadhili haulizi ili kuamua ugomvi wenu. Anataka kujua kama anayepewa fedha ana ruhusa ya kuutumia mswada huo, na ruhusa hiyo, ikiwa ni ya kuhamisha haki au ya kumpa mtu mmoja peke yake, lazima iwe kwa maandishi na itiwe sahihi na mwenye haki. Ikiwa mtaomba kwa jina la kampuni au jina la biashara mlilosajili kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, basi wewe mwandishi unaipa kampuni hiyo haki ya kutengeneza filamu moja kutokana na mswada wako, kwa malipo yaliyotajwa, kwa muda uliotajwa, na muda huo ukipita bila filamu kutengenezwa, haki inakurudia. Yeye naye atajwe kuwa mwongozaji, na muandike ni nani atakayekuwa na neno la mwisho katika uhariri, kwa sababu hapo ndipo urafiki mwingi huvunjikia. Jihadharini na jambo moja: sheria hiyo hiyo inasema kazi ikiagizwa na mtu mwingine, haki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wahusika wamekubaliana vingine. Kwa hiyo rafiki yako akisema siku moja kwamba alikuagiza uandike, na hamna karatasi, mjadala utakuwa mrefu.

Ikiwa wazo lenyewe lilitoka katika hadithi fupi ya mtu mwingine mliyoisoma kitabuni, barua ya ruhusa ya mwandishi au mchapishaji ipatikane kwanza. Hakimiliki ya maandishi hudumu kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi.

SWALI

Mhariri, nimepata ruzuku, namshukuru Mungu, ila mkataba unasema fedha zitatolewa kwa awamu tatu na ya mwisho baada ya kukabidhi filamu. Mimi nilikwisha kupiga siku moja kwa fedha zangu ili nisipitwe na wakati. Naweza kurudishiwa? Na nitamalizaje filamu bila awamu ya mwisho? Pia kuna mtu aliyeniandikia akidai anaweza kunipatia ruzuku nyingine nikimtumia ada ya kushughulikia maombi.
*Msomaji, Ngara*

JIBU

Dada, hongera. Hilo la mwisho acha nilijibu kwanza kwa sababu ni rahisi: usimtumie. Ni kweli kwamba matamasha mengi hutoza ada ya kuwasilisha filamu iliyokamilika, lakini hazina ya kweli haiombi ada ipelekwe kwenye nambari ya simu ya mtu binafsi.

Siku uliyopiga kabla ya kutia sahihi ni vigumu irudishwe, maana mikataba mingi hulipia tu gharama zilizoingiwa baada ya tarehe ya kuanza kwake. Usiibadilishe tarehe ya risiti ili ionekane imefuata mkataba. Unachoweza kufanya ni kumwandikia mfadhili umwombe siku hiyo ihesabiwe kuwa mchango wako mwenyewe. Ikiwa mkataba ulikutaka uchangie sehemu ya bajeti, huenda itakusaidia hapo.

Awamu ya mwisho ndiyo huwanasa wengi. Umekwisha kupiga, mhariri wa picha anadai, fundi wa sauti anadai, mtunzi wa muziki anadai, na fedha hazitatoka mpaka kazi yao ikabidhiwe. Panga tangu leo ni nani atakayekubali kulipwa nusu mwanzoni na nusu awamu ya mwisho itakapoingia, na umwandikie hivyo katika mkataba wake, badala ya kumwomba subira wakati kazi imekwisha. Waigizaji na wabeba taa walipwe papo hapo. Wao hawana namna ya kungoja. Ukimlipa mtaalamu ada ya shilingi 24,000 au zaidi ndani ya mwezi, unatakiwa kuzuia asilimia 5 na kuiwasilisha KRA, mamlaka ya kodi, na mwambie mapema, la sivyo atadhani umemkata. Muziki nao uzingatie: wimbo unaosikika redioni katika onyesho la saluni, kwa mfano, una mtunzi na una mwenye rekodi, na unahitaji ruhusa za wote wawili kabla mfadhili hajakubali kwamba filamu imekabidhiwa. Kumwajiri kijana atunge wimbo mpya wa saluni ni nafuu na haraka zaidi.

Fungua akaunti ya benki ya filamu hii pekee. Tangu Januari 2024 gharama zinazodaiwa katika kodi zinatakiwa kuwa na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa hiyo yule wa kukodisha kamera asikuandikie risiti ya daftari. Kwa mama anayewapikia kikosi chakula cha mchana na bodaboda aliyepeleka betri, andaa hati ya malipo yenye jina, nambari ya kitambulisho, kiasi, kazi na sahihi, uibane pamoja na ujumbe wa M-Pesa uliochapishwa. Muulize mfadhili wako sasa, kabla ya siku ya pili ya kupiga, kama ataikubali hati ya namna hiyo katika ripoti, na jibu lake ulipate kwa maandishi.